Mkono wa Kuume wa Mathieu

Alhamisi moja mchana, mtaa wa Kikula mjini Likasi, Mama Alphonsine alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, na sombe ya siku hiyo ilimtesa kwa sababu aliuziwa majani ya muhogo yaliyokwisha kukomaa. Ndani, mwanawe Arsène alikuwa anajaribu gitaa. Alikuwa ameshika wimbo wa Kihispania, ule wa kukwaruza kamba zote kwa kucha kama mtu anayefukuza kuku, na alikuwa ameurudia tangu asubuhi hata jirani akauliza juu ya ukuta kama mle ndani kuna mgonjwa. Ndipo miguu ya marehemu mumewe, Mathieu, ilipoingia kwa mlango wa mbele.

Ilikuwa miguu tu, kuanzia magotini kwenda chini, imevaa buti za mgodini. Buti ya kushoto ilikuwa na fundo alilolifunga Alphonsine mwenyewe asubuhi ya mwisho, maana Mathieu hakuwahi kujua kufunga kamba ya kiatu ikakaa. Alphonsine akaweka mchi chini.

"Pangusa viatu kwanza, Papa Arsène," alimwambia mumewe. "Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Miguu ikajipangusa kwenye gunia la mlangoni, ikaingia sebuleni, ikasimama mbele ya Arsène ikipiga sakafu kwa kufuata wimbo. Ilikaa hapo kidogo, kisha ikatoka uani, ikazunguka kando ya ukuta. Nyumbani walidhani inatafuta choo, kwa kuwa choo kilihamishwa tangu Mathieu aondoke. Arsène alipoacha kupiga ili anywe maji, miguu haikuwepo tena. Alphonsine akafagia udongo mwekundu ulioanguka kutoka kwenye buti, lakini hakuutupa.

Haya, lazima nieleze, maana si kila mtu anakaa Likasi. Mathieu alikufa katika mgodi wa shaba wakati Arsène bado anavaa kaptula ya shule. Handaki liliporomoka juu yake. Kampuni ya wakati ule ilisema kumfukua ni hatari. Ikaleta padri, padri akaombea mlango wa handaki, mlango ukazibwa kwa matofali, msalaba wa chuma ukasimikwa mbele yake. Miaka ikapita. Kampuni ile ikauza kilima kwa kampuni nyingine, nayo haikuhangaika na mlango. Ilikuja na mashine, ikakichukua kilima kuanzia juu, udongo, mawe, matofali, msalaba na Mathieu, ikakipeleka kwenye tanuri. Leo palipokuwa na kilima pana shimo lenye maji ya kijani. Alphonsine alipokwenda kuuliza, alipokewa na kijana wa ofisini, Hénoc, mwenye adabu zake, akapewa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, ile kilima tuliipata tupu," Hénoc alimwambia. "Hamukuwa mutu ndani."

Shaba ikaenda kwenye nchi za watu, na Mathieu akaenda nayo. Hakuna aliyehitaji kufundishwa jambo hilo. Ukitia chumvi kwenye mboga, utaipata kwenye kila kijiko.

Shida ilikuwa kilio. Kwao kilio hakifungwi bila kaburi, na kaburi halichimbwi bila mtu wa kulaza ndani. Mwenye kulinda sheria hiyo alikuwa Fidélie, dada mkubwa wa Mathieu, mama mrefu asiyecheka hovyo. Mjane avae nyeusi. Asiimbe, asicheze, asipige ngoma wala chombo chochote cha muziki, mpaka siku mume atakapolazwa kaburini, nao ndugu za mume wakamvua mjane kitambaa cheusi. Watu wengine walimwona Fidélie kama mkali. Hawakumjua. Kila Jumamosi alimletea Alphonsine samaki wa mto Lufira, wabichi, wameshaparuliwa magamba, na kila akilitaja jina la kaka yake alilazimika kugeuza uso. Alimpenda, ndiyo maana hakutaka azikwe ovyo.

Arsène alikuwa mpiga gitaa wa harusi, wa misa na wa baa moja karibu na stesheni. Tangu ujana alikuwa na ugonjwa wa kupenda miziki ya mbali. Alijifunza kwenye simu, kidogo kidogo, akirudia mahali pamoja mpaka vidole vikakubali, na watu wa harusi walimlalamikia kwamba wameomba rumba na yeye anawaletea mambo ya watu wasiojulikana. Sasa, baada ya miguu kuja, alielewa kazi ya ule ugonjwa wake. Muziki wa nchi unakiita kilichoko katika nchi hiyo. Akaketi kujifunza kwa bidii.

Kwa muziki wa Brazili, ule wa taratibu unaoyumba, kilikuja kifua na mabega. Kwa muziki wa Kuba kilikuja kiuno na mapaja, na Alphonsine akasema hilo hata yeye angelijua bila kuambiwa. Kwa Wahindi ulikuja mkono wa kushoto. Kwa Japani, katika wimbo wenye kimya kirefu kuliko sauti, kilikuja kichwa kimefumba macho, kimeota ndevu, na Alphonsine akachemsha maji akakinyoa huku Arsène akipiga polepole ili asimkatishe. Kila kipande kilikuja na wimbo wake na kuondoka na wimbo wake. Jirani aliyekuwa anauliza juu ya ukuta sasa aliuliza tu leo ni nini.

Sauti ilikuja kwa Wareno. Arsène alikuwa anapiga wimbo wao wa huzuni jioni moja kabla ya giza, Alphonsine akiwasha mkaa, na sauti ikasema kutoka kwenye kiti kitupu.

"Alphonsine."

"Niko hapa, Papa Arsène."

"Unakula muzuri?"

"Nakula. Na weye?"

"Minye natumika," ilisema sauti ya Mathieu. "Kwa Bareno niko mu lift. Napandisha batu, nashusha batu. Kwa Bahispania nazungusha mashini ya kufua nguo. Ku Japani niko mu telefone, batu banasema muchana na usiku. Kila fasi ni kazi." Kisha ikasema kwa aibu, kama mwanaume anayekiri ugonjwa: "Alphonsine, nilikufwa, mais sijapumzika hata siku moja."

Alphonsine alilia. Kusikia sauti ya mumewe hakukumliza, alikuwa ameingoja miaka yote. Kilichomliza ni kusikia kwamba amechoka. Mathieu alikuwa mtu wa kulala mapema. Alikuwa anarudi kazini, anakula bukari yake, ugali wa kwetu, anapiga gitaa kidogo, na jua likizama tu anakoroma. Mtu kama huyo kumnyima usingizi ni dhambi. Alipomaliza kulia alijifuta kwa ncha ya kitenge chake cheusi na kumwambia mwanawe:

"Mutoto yangu, tumukusanye. Tumulaze, apumuzike."

Ndivyo Arsène alivyoanza kuchanganya. Hakufanya kwa kutafuta sifa, ingawa baadaye vijana wa baa walisema amebuni kitu kipya. Alikuwa anatafuta wimbo mmoja ambao baba yake angeweza kukaa ndani yake akiwa mzima. Mwanzoni ilikuwa taabu tupu. Akiisogeza Kuba karibu na Japani, kiuno kilicheza na kichwa kikapata kizunguzungu. Akiizidisha Hispania, miguu ilikimbia ikaacha kifua nyuma mlangoni. Siku moja mkono wa kushoto ulikuja ukakaa juu ya goti la kulia, ukashindwa kutoka, na Alphonsine akausogeza kwa upole mpaka mahali pake. Haba na haba, ilikuwa hivyo. Mvua zikaja zikaisha. Hatimaye Arsène akapata namna: Kuba aliiweka chini kwenye dole gumba, Brazili akaipa mwendo, Ureno ikaimba juu, Hispania ikapita pale tu wengine walipovuta pumzi, Uhindi ikakunja kamba kidogo, na Japani akaiachia kimya. Wimbo ukasimama, naye Mathieu akaketi kwenye kiti chake sebuleni, mtu mmoja, amevaa shati la kazi, anatazama huku na huku.

Wakamwita Fidélie aje amtambue.

Fidélie alimzunguka kaka yake taratibu. Alimvuta sikio la kushoto akaangalia kovu la jeraha alilomtia mwenyewe utotoni kwa bahati mbaya, walipokuwa wanagombania wembe. Kovu lilikuwepo.

"Njo yeye, kaka yangu," alisema, akageuza uso. Kisha akarudi, akashika mkono wa kulia wa shati. Ulikuwa unaning'inia mtupu. "Na mukono ya kuume iko wapi?"

"Bado, tantine," alisema Arsène bila kuacha kupiga.

"Mutu hazikwake bila mukono ya kuume. Akifika kule atasalimia ba nkambo benye balitutangulia na nini? Na ya kushoto?" Fidélie akatikisa kichwa. "Batasema kwetu hatukumulea."

Hakuna aliyembishia, maana alisema kweli. Hata Mathieu aliinamisha kichwa.

Basi wakautafuta mkono. Arsène alipiga Ugiriki, akapiga Uturuki na Meksiko, akapiga muziki wa visiwa ambako watu huburuza chuma juu ya kamba, akapiga ule wa jangwa la Mali mpaka midomo ikamkauka. Walisaka nchi baada ya nchi. Hilo ndilo kosa letu watu wa Likasi, wala si kosa la ujinga. Mtu aliyezaliwa hapa ameona kila chenye thamani kikipakiwa, kikafunikwa turubai, kikaondoka kwa barabara au kwa reli. Kitu kizuri kikipotea, anatazama njia inayotoka mjini. Kuangalia nyumbani hakumjii kabisa.

Aliyeangalia ni Alphonsine, tena kwa sababu ya choo. Jumamosi moja asubuhi Arsène alikuwa anajaribu tena wimbo wa Kihispania peke yake, na miguu ya Mathieu, kama kawaida yake, ikatoka uani ikasimama kando ya ukuta. Alphonsine akachoka kuiona inahangaika. Akaifuata ili aielekeze. Miguu haikutaka kuelekezwa. Ilikuwa imesimama palepale, ncha za buti zikitazama ukuta, na Alphonsine akainua macho aone kilichoko pale.

Juu ya paa lao ulipita waya mnene wa shaba. Ulikuwa mpya, mafundi waliufunga mwaka uliopita, uchukue umeme wa mabwawa ya Mwadingusha na Koni kuupeleka kiwandani. Ulipita juu ya nyumba nyingi za Kikula bila kuacha kitu, na Alphonsine, aliyepikia mkaa na kuwasha mshumaa chini yake, alikuwa hauangalii tena. Ulikuwa unavuma. Siku zote ulivuma. Ila siku hiyo alisikiliza, akasikia kwamba uvumaji wenyewe unakwenda kwa vidole viwili: dole gumba chini, kidole cha shahada juu, gumba, shahada, gumba, shahada.

Zamani, katika kambi za wachimbaji, gitaa lilipigwa hivyo, kwa vidole viwili vya mkono wa kuume basi, na kando yake mtu mwingine anagonga chupa ya limonade kwa msumari. Bila chupa wimbo hauanzi. Mathieu alikuwa mpigaji, na mgonga chupa wake alikuwa msichana wa Mulungwishi aitwaye Alphonsine, aliyekuwa na mkono usiotetereka. Walioana kwa sababu hiyo, kusema kweli, na kwa sababu nyingine walizozijua wenyewe.

"Kumbe uko hapa," Alphonsine aliuambia waya. "Juu ya nyumba yako."

Arsène alijaribu kwanza peke yake. Alipiga kwa vidole viwili, kama baba yake, akiweka nchi zote ndani ya mwendo ule. Waya ukanyamaza kusikiliza. Hakuna kilichoshuka.

"Inangoya chupa," alisema Alphonsine.

Fidélie alikuwa amekwisha kufika na samaki wake, amekaa kwenye kiti uani. "Mujane hapigake chupa," alisema.

"Najua, Mama Fidélie."

"Ukipiga, unavunja kilio ya kaka yangu."

"Nisipopiga, haitaisha," alisema Alphonsine. Alikuwa ameishika sheria ile miaka yote kwa mikono miwili, bila hata kuimba jikoni, na alijua ni nani angetajwa Kikula nzima kama mjane asiye na haya. "Bwana yangu anachoka. Weye ni dada yake. Uniambie, nifanye nini?"

Fidélie akainuka, akashika kiti chake, akakigeuza, akaketi tena akiutazama ukuta, mgongo kwao.

"Minye sioni kitu," alisema.

Alphonsine akaingia ndani, akatoka na chupa na msumari. Mkono wake ulikosea mara ya kwanza. Mara ya pili haukukosea. Arsène akafuata, na wimbo ukakaa juu ya mlio ule mdogo wa kioo kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili yake. Mathieu akaja mzima mzima kwenye kiti chake. Na kutoka kwenye waya mkono wa kuume ukaachilia, ukashuka kwa nguzo polepole, ukashika ukingo wa paa, ukaingia kwenye shati.

Kitu cha kwanza ulichokifanya ni kumgusa Alphonsine shavuni. Ulikuwa na moto wa umeme, ukamchoma kidogo, naye hakurudi nyuma. Kisha Mathieu akanyoosha mkono akamgusa dada yake begani. Fidélie hakugeuka, kwa kuwa alikuwa amesema haoni kitu. Lakini aliinua mikono yake miwili juu ya bega, akaushika mkono ule, akausalimia vizuri, kwa heshima yote, na machozi yakamshuka mbele ya ukuta.

"Haifai kukawia," alisema alipoweza kusema. "Muende muchimbe."

Vijana wa mtaa wakaenda kuchimba. Mathieu akanawa, akala bukari na samaki kwa mkono wake wa kuume. Chupa haikuweza kuachwa, kwa hiyo Alphonsine hakula naye. Alikaa karibu na kumtazama. Alikuwa anakula vilevile, akianza na mkia.

Arsène aliona macho ya mama yake.

"Mama," alisema kwa chini, vidole vikienda. "Minye naweza kupiga na kesho. Na kesho kutwa. Kila siku. Atakuwa anakaa na shiye."

Nani asingetamani? Alphonsine alitamani kwa mwili wake wote. Angeweza kugonga chupa mpaka uzee umchukue, na mchana mzima kuwa na mtu kwenye kiti kile. Akamtazama mumewe. Mathieu alikuwa amemaliza kula, na kidevu kilikuwa kinaangukia kifua, kinainuka, kinaanguka tena.

"Anasinzia, mutoto yangu," alisema. "Tumupeleke."

Walitoka jua likiwa bado liko juu. Mathieu alitangulia kwa miguu yake, Arsène nyuma na gitaa, Alphonsine na chupa, Fidélie na koleo begani. Watu wa Kikula walikuwa milangoni.

"Mathieu, siku mingi!"

"Mingi sana," alijibu Mathieu, na akampa kila mtu mkono.

Kwenye barabara kuu walilazimika kusimama kandokando kupisha malori ya mawe, moja baada ya moja, yamefunikwa turubai. Mathieu aliyatazama yakipita, vumbi likimwagikia shati. Alimwambia mke wake kwamba ile nguo nyeusi haimpendezi, haikuwahi kumpendeza. Alphonsine akamwambia aangalie mbele asije akajikwaa.

Kaburini alishuka mwenyewe. Alijaribu chini kwa mkono, akavua buti, akazipanga pembeni, akalala kwa ubavu kama alivyozoea. Arsène hakuweza kuacha kupiga kabla udongo haujafungwa, la sivyo baba yake angetawanyika tena kila kipande na kazi yake, na udongo wa pale ni mgumu. Kamba zilimchana vidole mpaka damu ikateremka kwenye gitaa. Alipiga Ureno na damu, akapiga Kuba na damu. Fidélie alishindilia koleo la mwisho la udongo kwa nyayo zake, akainamisha sikio juu ya udongo, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anakoroma," alisema.

Hapo ndipo Arsène alipoacha. Fidélie akamvua Alphonsine kitambaa cheusi, akamnawisha uso kwa maji aliyoyatia katika chupa ileile, akamfunga kitenge cha manjano alichokuwa amekinunua zamani na kukificha sandukuni mwake kwa ajili ya siku hiyo. Alphonsine aliona aibu kidogo kwa rangi yake. Alirudi nyumbani amelegea kwa furaha na kwa uchungu, akalala kabla jua halijazama.

Jumatatu mafundi walikuja kukagua waya. Waliupima, wakakuta haupungui kitu, unapeleka umeme kiwandani vilevile, wakaondoka. Nyumba za chini yake zikabaki na mishumaa yake. Shimo likabaki na maji yake ya kijani, na Hénoc wa ofisini, alipoulizwa na mtu kuhusu mazishi ya Jumamosi, alisema kwa adabu kwamba anawapa pole wafiwa, ila kilima kilipatikana kitupu.

Wiki hiyohiyo, mchana, mwanamke kijana alisimama mlangoni kwa Alphonsine akabisha hodi. Alijitaja kuwa Claire, kutoka upande wa pili wa mji, na kitambaa chake cheusi kilikuwa bado kina mikunjo ya dukani. Arsène alimpa kiti. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Pole, mama," alisema Arsène. "Bwana yako balimupeleka inchi gani?"

"Bado," alisema Claire. "Eko angali hapa, mu ile mugodi mupya. Ilimwangukia mwezi ilipita. Banasema kuondosha udongo ya juu yake ni hatari, mais ku mwisho ya mvua mashini itakuya kubeba yote." Alikunja mikono mapajani. "Hatujue bado batauzisha ile shaba wapi. Nimekuya mapema tu, ili ukisikia, uanze kujifunza."

Alphonsine akamletea maji. Arsène akafikiri, akamwambia kwamba akipata habari ya nchi, hata kama ni usemi wa madereva tu, amletee, naye ataanza siku hiyohiyo. Claire akamshukuru sana. Akanywa maji yake, akaaga, akatoka. Barabarani malori yalikuwa yanapita, akangoja yaishe, kisha akavuka.